Joburg: Nilimshuku Mkongo kuchezea mkanda wa shemeji yangu wa kupandia miti, kumbe mwenye kosa nipo nyumbani kwangu

Wakuu, habari za mihangaiko. Mliopo kazini mnachungulia simu chini ya meza, mliojilaza, mliojifungia chooni, wote nawasalimu.

Hii siyo chai. Yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Johannesburg, na kuna watu wawili watatu wakisoma watanitambua papo hapo. Wanitambue tu. Nimechoka.

Naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo mtanivumilia na vipande vifupi. Mwenye povu aje nalo, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Nina chumba cha kazi Doornfontein, ghorofa ya pili kwenye jengo lililokuwa kiwanda zamani. Sishoni magauni. Nashona vitu vizito: turubai, mahema, mabegi ya safari, viti vya magari. Cherehani yangu inatoboa ngozi mara nne bila hata kukohoa, na mshono wangu haufumuki. Ulizeni mtaa mzima.

Jambo la pili mnalotakiwa kulijua, mimi ni mtu wa mashaka. Mke wangu Mwanaidi huniita Afande. Mtu akinichekea kidogo zaidi ya kawaida, nashika mfuko wangu. Gari likisimama karibu yangu kwenye robot, yaani taa za barabarani, naangalia namba zake. Mji huu ndivyo ulivyonilea na nilikuwa najivunia kabisa.

Sasa twende.

Mwaka 2015 alikuja mdogo wake Mwanaidi, anaitwa Shabani, kutoka Pangani. Kijana wa miaka ishirini na tatu, mwembamba, mcheshi, na kwao alikuwa mkwezi wa minazi. Mama mkwe akanipigia simu akaniambia, "Baba, huyo ndiye kitinda mimba wangu. Nimekukabidhi wewe." Nikamjibu, "Mama, ondoa shaka."

Waliooa wanajua uzito wa kukabidhiwa mtu na mama mkwe.

Shabani alipata kazi kwenye yard moja kule Kensington. Mwenyewe ni mzee wa Kizungu, jina lake halina umuhimu. Wana kazi za aina mbili. Kipindi cha joto wanapunguza miti mirefu kwenye majumba ya watu. Baridi ikiingia wanakwenda kwenye mashamba ya kuwindia, masaa matatu manne kutoka hapa mjini, kufunga viti juu ya miti.

Kwa ambao hamjui, wawindaji wa upinde hawakimbizani na mnyama. Mtu anapanda mtini, anakaa kwenye kiti cha chuma kilichofungwa kwenye shina, mita tano au sita juu, anatulia tuli kama hayupo, anasubiri swala au tandala apite chini yake.

Lakini kabla mwindaji hajapanda, lazima atangulie mtu wa kukifunga hicho kiti. Huyo ndiye alikuwa Shabani. Alikuwa akiniambia, "Shem, wanaoumia kwenye uwindaji huu hawaumizwi na mnyama. Wanadondoka."

Ndiyo maana wanavaa harness, ile mikanda inayokamata mapaja, kiuno na mabega. Mgongoni pa harness kuna mkanda mfupi unaojifungia nao kwenye mti. Huo wanauita lanyard. Shikeni jina hilo, maana ndilo lililoniharibia nyumba.

Sasa msimamizi wa wapandaji pale yard alikuwa Papa Jules, Mkongo wa Lubumbashi. Mtu wa makamo, mlokole, mkimya mpaka anakera. Kabla ya Shabani, miti mirefu yote alikuwa akipanda yeye. Shabani alipokuja, bosi akampenda kwa wepesi wake, Papa Jules akabaki chini. Kazi yake ikawa kushika kamba na kukagua vifaa.

Mnaona hapo? Mimi niliona siku ya kwanza tu niliyosimuliwa. Nikamwambia Mwanaidi, "Yule Mkongo hawezi kuwa na moyo mweupe kwa mdogo wako."

Mwanaidi akacheka. "Afande kazini."

Ikapita miaka miwili. 2017, katikati ya baridi, Jumapili moja Shabani akaja kwangu kazini anatembea kama mtu aliyepigwa. Akafunga mlango. Akafungua begi, akatoa lanyard.

"Shem, nishonee hii. Mtu yeyote asijue."

Nikamuuliza imekuwaje. Akasema Alhamisi aliteleza shambani wakati anafunga kiti. Akashuka kama mita mbili, mkanda ukamdaka, akaning'inia, akajivuta, akamaliza kazi. Hakuna aliyemwona. Na hakusema, kwa sababu pale yard kuna sheria, aliyeanguka anawekwa chini mpaka bosi aridhike naye. Shabani kuwekwa chini asingekubali. Mkwezi wa Pangani aambiwe ameteleza? Thubutu!

Nikaichukua ile lanyard nikaiweka kwenye taa.

Wakuu, katikati ya mkanda kulikuwa na kifuko kidogo, kinene kama viberiti viwili vikibebanishwa. Kilikuwa kimepasuka. Ndani yake mkanda ulikuwa umekunjwa kunjwa na kushonwa pamoja, na sasa ile mishono yote ilikuwa imefumuka, mkanda umening'inia kama utumbo. Mkanda wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Uzi tu ndio ulioachia, tena mstari kwa mstari, umenyooka.

Nikaushika ule uzi kwa kucha. Mwepesi! Uzi ambao mimi nisingeshonea hata begi la shule.

Damu ikanichemka. Miaka kumi na tisa kwenye cherehani, najua mshono uliochakaa unavyokatika. Unakatika ovyo ovyo. Huu ulikuwa umeachia kwa adabu, kama umefumuliwa na mtu mwenye nafasi na wembe.

Nikamuuliza Shabani, "Nani anazishika hizi zikiwa stoo?"

Akasema, "Papa Jules."

"Ana wembe?"

Akafikiri. "Ana kisu kidogo kwenye funguo zake."

Basi. Kesi nikawa nimeimaliza.

Shabani akaendelea kunipa ushahidi bila kujua, na mimi naupokea kwa mikono miwili. Kwamba kila jioni Papa Jules anachukua harness ya Shabani, anaipitisha kwenye vidole mshono kwa mshono. Kwamba amefunga uzi mwekundu kwenye harness ya Shabani peke yake, za wengine hana habari nazo. Na kwamba tangu Ijumaa anamwandama, "Weye uko natembea mubaya. Ulianguka? Lanyard yako iko wapi? Niletee."

Nikapiga meza. "Anataka kuficha ushahidi!"

Nikamwambia Shabani maneno ambayo mpaka leo yananirudia nikiwa naswali. Nilimwambia, "Kuanzia leo usipokee kitu chochote kutoka mkononi kwa yule mtu. Akikupa kamba, kataa. Akikwambia mti uko salama, usiamini. Niamini mimi."

Akasema, "Sawa shem."

Kisha nikakaa kwenye cherehani. Nikaukunja ule mkanda kama ulivyokuwa, nikatia sindano nene na uzi wa nailoni wa rangi ya kahawia, ule ninaoshonea turubai za malori. Nikapiga mishono ya boksi, katikati msalaba, mara tatu. Nikaurudishia kifuko chake. Nikajining'iniza nao kwenye boriti na kitambi changu hiki, haukutikisika.

Shabani akafurahi. Mimi nikafurahi zaidi.

Lakini mtu wa mashaka haridhiki. Nikamwambia aniletee na lanyard yake ya akiba. Akaileta Jumanne. Hiyo ilikuwa mpya, haijawahi kuangukiwa. Nikafungua kifuko, nikakuta ndani mkanda umekunjwa vilevile, na uzi ni uleule mwepesi.

Hapa mwenye akili angejiuliza. Mpya kutoka kiwandani, ina uzi mwepesi, kwa nini? Mimi nilijijibu kwamba Papa Jules ameshaifikia na hii. Nikaishona nayo, mishono ya boksi, msalaba, mara tatu.

Nikaenda mpaka Kensington kupeleleza. Nikajifanya nimepeleka sampuli za turubai. Nikamkuta Papa Jules amekaa kwenye ndoo, kweli, ana harness ya Shabani mapajani, anaipapasa. Akaniona, akasimama, akanipa mkono. "Papa Zuhura, karibu." Zuhura ni binti yangu. Nikajiuliza amejuaje jina la mwanangu? Kumbe Shabani hamalizi siku bila kumtaja mpwa wake, na picha zetu kwenye simu anamwonyesha kila mtu. Lakini siku ile nililiweka na hilo kwenye faili.

Niligundua lanyard yake mwenyewe imetundikwa ukutani. Alipogeuka nikabonyeza kile kifuko, nikachungulia pembeni. Uzi mwepesi.

Mnajua nilisemaje moyoni? Nilisema, mjanja huyu, amefumua mpaka ya kwake ili asishukiwe.

Chekeni. Mimi mwenyewe nikikumbuka hapo nashindwa nicheke au nijizabe kibao.

Nyumbani nikamwaga yote kwa Mwanaidi, na safari hii hakuniita Afande. Aliogopa. Akaanza kuliombea dua lile jambo, akawaambia na wanawake wenzake wa Kitanzania hapa Doornfontein. Wiki haikuisha, kila Mbongo wa mtaa wetu alijua kuna Mkongo Kensington anafumua mikanda ya watu kwa wivu.

Sasa Jumamosi.

Asubuhi kama saa mbili na nusu nipo kazini peke yangu, mlango ukasukumwa. Papa Jules. Kashika lanyard. Ile ya kwanza, ya uzi wa kahawia.

"Nimeikuta ku harness ya Shabani. Ni nani njo alishona hii kintu?" Njo kwao ni ndiye au ndiyo.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. "Nimeshona mimi. Na wewe unajua kwa nini."

Alikuwa anatetemeka, na nikadhani ni hofu ya mwizi aliyekamatwa. Akaangalia huku na huku, akaona gunia langu la vipande vya turubai. Akatoka, akaenda kwa fundi wa welding wa chumba cha jirani, akarudi na vyuma chakavu mikononi, akavitia kwenye gunia. Akarudi tena. Mara ya tatu nikamuuliza, "Wewe baba umerukwa na akili?"

Akasema, "Nisaidie kubeba."

Sijui kwa nini nilimsaidia. Tukalinyanyua lile gunia mpaka juu ya meza yangu ya kukatia. Lilikuwa na uzito wa mtu mzima. Akalizungushia mkanda, akafunga lanyard yangu kwenye boriti ya chuma ya dari, akalisukuma gunia likaanguka.

Wakuu, ulisikika mlio mmoja tu. Paa! Kama mlango wa chuma. Lanyard yangu haikufumuka hata uzi mmoja. Gunia ndilo lililopasuka katikati, vyuma vikamwagika chini, kimoja kikaja mpaka kwenye kiatu changu.

Papa Jules akanionyesha lile gunia. "Hii njo mugongo ya mutu."

Halafu akatoa kwenye koti lake lanyard nyingine, mpya. Akalifunga gunia upya kwa turubai mbili, tukalipandisha, akalisukuma.

Safari hii ikasikika trrrrrrr. Kile kifuko kilipasuka, mshono ukaanza kufumuka mstari baada ya mstari, na gunia likawa linashuka linapunguza mwendo, linapunguza, mpaka likasimama likining'inia. Zima.

"Iko nafumuka ili ikamate mutu polepole," akasema. "Njo kazi yake. Ikifumuka mara moya, tunaitupa. Ndiyo maana nilikuwa naitafuta. Nilijua mutoto alianguka. Nilitaka niitupe."

Mimi fundi ninayejisifia mshono usiofumuka, nimekutana na mshono ambao ubora wake ni kufumuka. Nikaketi kwenye kiti changu cha kushonea.

Nikamuuliza, "Na uzi mwekundu?"

Akashangaa. "Ule? Shabani ni mwembamba. Akichukua harness ya mutu munene itamuchomoka. Nimeitia alama asikosee."

Akaanza kukusanya vyuma. Akasema, "Tumushukuru Mungu ni moya tu."

Nikainuka kitini. "Papa Jules, ziko mbili."

Akaacha vyuma vikaanguka.

Siku hiyo kulikuwa na wageni wa bosi pale yard, wawindaji waliotaka kufundishwa kupanda na kukaa kwenye kiti. Kuna mkaratusi mmoja mkubwa nyuma ya yard, ndio wanaofundishia. Shabani ndiye wa kuonyesha. Tukampigia simu, haikupokelewa. Akipanda huwa anaacha kila kitu chini.

Papa Jules alikuwa na bakkie, pickup ya kazini. Kutoka Doornfontein mpaka Kensington siyo mbali, lakini siku hiyo kila robot ilikuwa nyekundu. Alikuwa anaomba kwa Kifaransa, mimi naomba kwa Kiarabu.

Tulipofika Shabani alikuwa juu, mita nane hivi, juu ya kiti. Ameshakifunga. Chini wamesimama bosi na wageni wanne wanapiga picha.

Papa Jules akachukua kamba ya akiba, akapaza sauti, "Shabani! Usitumie hiyo lanyard! Natuma kamba, jifunge nayo, nitakushusha!"

Shabani akatuangalia. Akaniona mimi nimesimama karibu na Papa Jules. Akasema kwa Kiswahili, huku anacheka kidogo, "Shem, si uliniambia nisipokee kitu kwake?"

Sasa wakuu, hapa ndipo penyewe. Hapo, Kiswahili tulikuwa tunakijua watatu tu. Bosi hajui, wageni hawajui. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Nilikosea, Papa Jules hana kosa, chukua kamba yake.

Sikusema.

Niliona aibu. Shemeji yangu yuko mita nane juu, na mimi naona aibu! Nikasema, "Hiyo lanyard ina kasoro, we shuka tu taratibu."

Akauliza, "Kasoro gani? Si umeishona wewe?"

Nikasema, "Shuka tu, Shabani."

Papa Jules alinigeukia. Akarusha kamba juu, ikafika kwenye kiti, ikagusa goti la Shabani. Shabani akaisukuma kwa mguu ikarudi chini.

Akaanza kushuka mwenyewe, anaisogeza lanyard tawi kwa tawi. Mkaratusi unabambuka magome, wanaoujua mti huo wananielewa. Akakanyaga gome. Gome likaondoka na mguu.

Mlio ulikuwa uleule. Paa.

Hakufika chini. Lanyard yangu ilimdaka, sawasawa kama nilivyoishona. Alibaki ananing'inia mita tatu kutoka ardhini, mdomo wazi, hawezi kuvuta pumzi. Papa Jules alipanda mti ule kwa umri wake, sijui kwa nguvu gani, akamkumbatia, akashuka naye kifuani.

Pingili mbili za mgongo zilivunjika. Daktari alisema ana bahati kwamba miguu inafanya kazi.

Naona kuna mkuu ameshaanza kuuliza kama yuko hai. Yuko hai. Anatembea. Alivaa bamba la kushikilia mgongo miezi mitano. Sasa yuko Soweto, anamsaidia Mtanga mwenzetu kwenye spaza, duka dogo la mtaani, lakini hawezi kukaa saa nzima bila kusimama, na gunia la unga hanyanyui. Mti hajaupanda tena. Ana miaka ishirini na saba.

Turudi hospitali. Siku ya pili Papa Jules alikuja kumwona. Ana Biblia na mfuko wa machungwa. Mwanaidi alipomwona mlangoni aliruka kama chui. "Umefuata nini? Umekuja kumalizia? Toka! Muuaji mkubwa wewe!" Manesi wakaja.

Papa Jules alisimama palepale. Hakumwangalia Mwanaidi. Aliniangalia mimi. Alikuwa ananisubiri niseme.

Nikainama nikaangalia viatu vyangu.

Akayaweka machungwa kwenye benchi akaondoka. Mwanaidi akayatupa.

Nilimfuata mpaka nje nikamuuliza kwa nini hajasema mwenyewe. Akanijibu, "Mi nikisema, banasema Mukongomani anadanganya. Weye njo utasema." Akaenda zake.

Bosi akamwondoa kazini, kwa sababu kukagua vifaa ilikuwa kazi yake na lanyard mbovu ilitoka stoo yake. Na mimi nikalinyamazia hilo pia. Miaka miwili, wakuu. Miaka miwili nimekula, nimelala, nimeswali, nimeshona, na lile jambo liko tumboni.

Shabani mwenyewe mpaka leo anaamini Mkongo aliirudia ile lanyard baada ya mimi kuishona.

Jana ndiyo imenifikisha hapa. Nilikwenda na Zuhura dukani, palepale Kensington, barabara kubwa. Ana miaka minane, kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza. Mlangoni kulikuwa na mlinzi amevaa koti kubwa la kampuni. Akatufungulia mlango. Papa Jules.

Amezeeka. Akasema, "Papa Zuhura, karibu," kama zamani.

Mwanangu, aliyekuwepo siku ile ya hospitali, akamnyooshea kidole, akasema kwa sauti, duka zima linasikia, "Daddy, that's the man who cut Uncle's rope!"

Watu wakageuka. Meneja akageuka. Papa Jules aliushika mlango vilevile, akaniangalia kwa macho yaleyale ya hospitali.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshika mwanangu mkono nikatoka.

Usiku sikulala.

Kabla sijamaliza, niwape tulichojifunza, maana kuna vijana wetu wengi huku wanapanda miti, mapaa na minara. Lanyard ikishaangukiwa mara moja, imekwisha. Usiishone, usimpelekee fundi, ikate uitupe. Ukianguka, sema siku hiyohiyo, usifiche. Jifunge tangu mguu unaacha ardhi mpaka unarudi ardhini, na fungia juu ya kichwa chako, siyo miguuni. Na nyie mafundi wenzangu, mkiletewa kitu cha kubeba roho ya mtu na hamkijui, semeni hamkijui.

Na kuhusu mashaka. Mimi nilimshuku kila mtu isipokuwa mikono yangu. Sina maneno mengine ya kulieleza hilo.

Leo asubuhi baada ya chai nikamwambia Mwanaidi akae. Nikamweleza yote, kuanzia sindano mpaka jana dukani. Sikuruka kitu.

Nilitegemea atalia au atanirushia kikombe. Akakisogeza kikombe pembeni. Halafu akauliza, "Na wakati yuko juu ya mti, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Akainuka. Akavaa baibui. Akamvalisha Zuhura viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Zuhura anakwenda kumwomba radhi yule baba dukani. Na mimi namwomba za kwangu. Kisha nakwenda Soweto, nikamwambie mdogo wangu ukweli."

Nikasema nakuja na nyie.

Akasema, "Wewe baki. Miaka miwili nafasi ulikuwa nayo."

Wameondoka saa nne. Saa hii inakwenda saa kumi na moja. Nimekaa na cherehani yangu, sijashona hata kitambaa.

Uwanja ni wenu. Nitukaneni kwa zamu, sitajibu matusi. Ila wenye ndoa na wenye busara naomba mnijibu hili moja kwa dhati: niinuke sasa hivi nimfuate Papa Jules kwa miguu yangu, au nikae nimsubiri mke wangu kama alivyosema?